Wasikukimbie Bunge Likianza: Kukaa na Wafanyakazi wa Mgahawa Dodoma

Mwenye mgahawa Dodoma hupoteza watu mara mbili kwa mwaka. Mara ya kwanza ni Aprili, Bunge la bajeti linapoanza. Hoteli zinajaa, kila mwenye vyumba anatafuta wahudumu wa haraka, na yule binti wako anayebeba sahani nne bila trei anaitwa pembeni na kutajiwa kiasi ambacho wewe huna. Mara ya pili ni Novemba kuelekea Desemba, wingu la kwanza likijikusanya. Hapo hakuna anayemshawishi mtu, shamba linamwita lenyewe. Mgogo hakai mjini mvua ikidondoka, na Mrangi na Mnyaturu nao wana kwao.

Naruhusiwa kusema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe ni Mgogo wa Mvumi. Nina mgahawa si mbali na Soko la Majengo: supu na chapati asubuhi, wali na ugali mchana, chipsi na kuku jioni. Wafanyakazi ni kumi na kidogo. Wenzangu wa biashara hii huniuliza nawapa nini hawa watu mpaka wanakaa, wakidhani nalipa sana. Silipi sana. Hoteli kubwa itanishinda kwa mshahara siku yoyote itakayotaka. Ninachowapa ni uhakika: mtu anajua Jumatano ijayo anaingia saa ngapi, anajua hela yake inatoka lini, anajua sahani ikivunjika kitatokea nini. Katika migahawa yetu hicho ni kitu adimu kuliko mshahara mnono. Gharama yake kubwa ni wewe mwenyewe kushika neno lako hata siku ambayo mauzo yamekuwa ya kulia.

Na kabla hujasema "aende tu, stendi ya Nzuguni kila siku inashusha wanaotafuta kazi", piga hesabu ya anayeondoka. Mpishi mpya wa chapati atakula unga na mafuta yako mpaka mkono ukae sawa. Mtu mpya wa supu atapima nyama nyingi wiki ya kwanza, akifokewa atapima kidogo wiki ya pili, na wiki hiyo ndiyo wateja wako wa asubuhi watajaribu kwa jirani. Yule mzee wa ofisini asiyekula pilipili ataletewa pilipili. Hakuna daftari linaloandika hasara hii, ndiyo maana tunaidharau.

Siku ya hela iwe siku ya hela

Migahawa mingi hapa mjini inalipa kwa siku. Zamu ikiisha unahesabiwa elfu zako, unaondoka. Ina uzuri wake, kwa sababu mtu ana watoto wanaokula leo. Tatizo ni kwamba anayelipwa kwa siku anaamua kila siku kama atarudi. Akiamka na mafua, au akipata kibarua cha kupika harusini chenye elfu tano zaidi, haji. Wala hajakukosea, mlimalizana jana.

Mimi naandika mshahara wa mwezi kwenye mkataba, lakini unatoka mara mbili: tarehe 15 na siku ya mwisho ya mwezi. Katikati ya mwezi ndipo kodi ya chumba na michango ya shule vinapombana mtu, na ndipo hukubali kuitwa kwingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakutaka ulipe siku mliyokubaliana, na umpe mtu karatasi inayoonyesha amelipwa nini na amekatwa nini. Karatasi hiyo usiione kama mambo ya ofisi kubwa. Kwa mtu anayetaka kukopa kwenye kikoba, ni heshima.

Ukilipa kwa simu, ongeza ya kutolea. Ukimtumia mtu laki moja na nusu kavu, ujue hajapata laki moja na nusu. Na tuma asubuhi. Ukituma saa 3 usiku wakala amefunga, nauli hana, na furaha yote ya mshahara imekuwa manung'uniko.

Hela ya mishahara itatoka wapi siku mbaya? Itoke siku nzuri. Nina laini ya simu ya pili ambayo kazi yake ni hiyo tu. Kila usiku tukishafunga hesabu naingiza fungu la mishahara la siku hiyo, na laini ile siinunulii hata nyanya. Mwenye mgahawa anayelipa mishahara kwa mauzo ya tarehe 30 atakuja kukutana na tarehe 30 yenye mvua.

Advansi usiikatae, iwekee kanuni. Kwangu inaanza tarehe 8, haizidi nusu ya siku ulizokwisha kufanya kazi, inaandikwa daftarini na inasainiwa pande zote mbili. Haiombwi kwa simu usiku wa manane isipokuwa kuna msiba au mgonjwa. Kanuni ikiwa moja kwa wote, hakuna wa kusema fulani ni mtoto wa mama.

Ratiba ukutani, pembeni ya friji

Hapa ndipo migahawa inapofukuza watu bila kujua. Mtu anaingia na supu saa 11 alfajiri, anaambiwa "nisaidie na mchana", mchana ukiisha anaambiwa "leo wa jioni hajaja". Anafika kwake saa 5 usiku, na kesho supu inamsubiri. Anavumilia mwezi, wa pili anazima simu.

Sheria inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, siku zisizidi 6, na saa zisizidi 9 kwa siku. Aliyefanya kazi saa 5 mfululizo apumzike saa nzima. Kati ya zamu na zamu kuwe na saa 12 za kupumzika, na kila wiki saa 24 ambazo humtafuti. Wengi wakisikia hivyo wanasema mgahawa hauwezi. Unaweza, ukipanga zamu zikutane mchana. Zamu yangu ya kwanza ni saa 11:30 alfajiri hadi saa 8 mchana. Ya pili ni saa 6:30 mchana hadi saa 3 usiku. Ukitoa saa moja ya mapumziko, kila mtu anafanya saa saba na nusu, mara siku sita, ni 45 kamili. Na ile saa moja na nusu ambayo zamu zote mbili zipo ndiyo saa watu wa ofisini wanapomiminika, kwa hiyo mikono inakuwa mingi pale pale inapotakiwa. Anayepika chakula cha jioni anafunga jiko saa 2:30, nusu saa inayobaki ni ya usafi.

Ya ziada ilipwe kama ya ziada, mara moja na nusu. Hesabu yake: chukua mshahara wa mwezi, gawanya kwa 4.333 upate wiki, gawanya kwa 45 upate saa. Tuseme mshahara ni 300,000. Saa moja ni kama 1,540, na ya ziada ni kama 2,310. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne. Kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5, na sikukuu ya kitaifa ni mara mbili. Bandika hesabu hii ukutani karibu na ratiba. Nimeona watu wakigombania saa za ziada baada ya kujua zinalipwa, mpaka mimi ndiye ninayewazuia.

Ratiba ya wiki ijayo inabandikwa Alhamisi mchana, kwa kalamu isiyofutika. Anayetaka kubadilishana na mwenzake abadilishane, mradi wote wawili wasaini pembeni. Nisipoingilia, wanapanga vizuri kuliko mimi. Waislamu wanahitaji Ijumaa mchana, wakati ule ule jiko linapowaka. Wenzao Wakristo wanawashikia, na wao wanashika Jumapili asubuhi watu wakiwa ibadani. Mpango huo waliutengeneza wenyewe jikoni, kazi yangu ilikuwa kuuandika tu. Siku ya mapumziko usiitoe kwa upendeleo. Tangu treni ya SGR ianze kuja Dodoma 2024, naona Ijumaa jioni maofisa wengi wanashuka Dar na kurudi Jumapili, hivyo Jumamosi imepungua mauzo. Basi Jumamosi ndiyo siku ninayotoa mapumziko mengi, na wenye watoto wa shule wananishukuru kwa jambo ambalo na mimi linanifaa.

Saa 3 usiku anafikaje kwake?

Ukitaka kujua kwa nini wahudumu wa kike hawakai zamu ya jioni, waulize wanakaa wapi. Mmoja yuko Nkuhungu, mwingine Chang'ombe, mwingine Nzuguni, mwingine Mkonze. Daladala usiku zinapungua, na bodaboda ya usiku inakula robo ya alichopata siku hiyo. Acha hela, kuna hofu ya kupakiwa na mtu usiyemjua kwenye njia isiyo na taa.

Mimi nina mwenye bajaji mmoja. Si mfanyakazi wangu, ni jirani wa biashara anayekunywa chai hapa kila asubuhi. Tumepatana kwa wiki, namlipa Jumatatu, na saa 3 na robo anakuwa mlangoni. Anazunguka njia moja na kushusha mmoja mmoja, wa mwisho anapiga simu akishaingia ndani. Gharama ile naihesabu pamoja na gesi na maji, yaani ni gharama ya kufungua jioni. Kama huwezi kuilipia, funga saa 1:30. Faida ya chipsi za saa 2 usiku haifidii hofu hiyo.

Na kuna jambo linalotembea na hili. Mteja akimshika mhudumu, au akimwita majina ya kitandani, naenda mezani mwenyewe. Sipeleki meneja. Nasema kwa upole, mbele ya wenzake, kwamba hapa tunauza chakula. Awe mheshimiwa au dereva wa mheshimiwa, neno ni hilo hilo. Akirudia, bili yake inakuja kabla hajamaliza kula. Nimepoteza wateja wachache kwa njia hii, na sijawahi kuwakumbuka.

Binti akipata ujauzito, migahawa mingi humwondoa kimya kimya: anapunguziwa siku mpaka anachoka mwenyewe. Mbali na kwamba sheria inakataza, ni ujinga wa biashara. Mhamishie kaunta, mtoe kwenye sufuria nzito na moshi, usimpangie usiku miezi miwili ya mwisho. Likizo ya uzazi ni siku 84, za mapacha ni 100, na akirudi ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kama unamlipia NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, kuna fao la uzazi, msaidie kujaza fomu. Aliyetendewa hivyo huwa hana hamu ya kwenda kuanza upya kwa mtu asiyemjua mwanawe kwa jina.

Makato

Sahani imevunjika: kata. Mteja amekimbia na bili: kata. Kaunta imepungua elfu sita na hakuna anayejua zimeendaje: kata wote. Mwisho wa mwezi mtu anapokea nusu ya alichoahidiwa, na aliyebakiza akili anaondoka kwanza. Wanaobaki ni wale wasio na pa kwenda, na wale waliojifunza kujilipa wenyewe kupitia mafuta ya kula na nyama ya stoo.

Sheria imefunga mlango huu zaidi ya wengi wanavyodhani. Kumkata mtu kwa hasara, lazima iwe imetokea kazini na kwa kosa lake, umweleze kwa maandishi ni kiasi gani na kwa nini, umpe nafasi ya kupinga, usizidishe thamani halisi ya kilichoharibika, na makato yasizidi robo ya mshahara. Wa 300,000, ukomo ni 75,000, hata kama amevunja kabati zima.

Vyombo mimi sikati kabisa. Naweka daftari la vilivyovunjika: siku, saa, mahali. Daftari likisomwa vizuri linasema mambo. Kwangu lilionyesha sahani nyingi zinavunjikia kwenye beseni, saa 8 mchana, kwa sababu vyombo vilikuwa vinapangwa juu ya vingine kwenye meza inayoteleza. Fundi akatengeneza kichanja cha chuma, na daftari likapungua maandishi. Ukikata watu hulioni hilo, kwa sababu sahani zilizovunjika zitafichwa kwenye taka.

Wanaokimbia na bili, badilisha utaratibu. Chipsi na vya kufunga vinalipwa kwanza, wa mezani analetewa bili na sahani. Malipo ya simu hayakubaliwi kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mteja. Ujumbe wa kughushi ni rahisi kuliko kukaanga yai. Keshia aone umeingia kwenye simu ya mgahawa, ndipo aseme asante. Kaunta ikabidhiwe kwa kuhesabiwa mbele ya anayeingia, saini mbili. Baada ya hapo upungufu una mwenyewe, na hukati wasiohusika.

Bakshishi iandikiwe kanuni kabla haijaleta ugomvi. Ya mkononi ni ya mhudumu. Inayoingia kwenye lipa namba pamoja na bili, na ile ya kwenye kopo la kaunta, inagawanywa Jumamosi kwa kila aliyekuwa zamu, jikoni na kwenye vyombo wakiwemo. Dada wa vyombo hakuna mteja anayemwona, lakini glasi inayong'aa ni kazi yake. Mwenye mgahawa usichukue hata mia.

Wale, tena wale vizuri

Hili ni fupi. Wafanyakazi wanakula kabla ya wateja, wameketi, chakula kilichopikwa leo. Usiwape ukoko wa jana. Kwangu ni ugali wa uwele na mlenda siku mbili kwa wiki kwa sababu wanaupenda, siku nyingine wali maharage, Ijumaa nyama. Mhudumu aliyekula hadokoi sahani ya mteja, na akiulizwa "leo mchuzi ukoje?" anajibu kwa ulimi wake.

Mpe mtu kitu cha kusimamia

Kumfanya mtu akae ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kumfanya awepo, maana kuna watu wana miaka mahali na macho yao yako kwenye saa ya ukutani.

Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kumkabidhi mtu eneo lake, na hela yake. Mtu wangu wa supu anakwenda kununua nyama na mifupa mwenyewe. Nampa bajeti ya wiki, anachagua muuzaji, anajua lini ng'ombe wa mnada wa Msalato wamefanya bei ishuke. Supu ikiwa nyepesi, watu wanamuuliza yeye, sio mimi. Mara ya kwanza kumpa hela moyo ulinidunda, nakiri. Lakini anayenunua nyama mwenyewe hatupi mfupa ovyo. Dada wa chapati anasimamia unga na mafuta: anaandika mfuko umefunguliwa lini na umetoa chapati ngapi. Hakuna mtu anayemchunga kuliko anavyoichunga namba yake.

Kila siku kabla ya mchana tunasimama dakika kumi jikoni. Sihubiri. Naanza na anayeosha vyombo, kwa sababu yeye ndiye anayeona kilichobaki kwenye sahani. Akisema matembele yanarudi, matembele yana shida. Wahudumu wanasema wateja wameulizia nini ambacho hatuna. Jikoni wanasema kipi kitaisha mapema, ili mhudumu asije akasimama mbele ya mtu aliyekwisha kunawa mikono akamwambia samaki wameisha. Mpango wetu wa kupokea oda za maofisa wa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kwa simu mpaka saa 4 asubuhi na kuwapelekea chakula kwa bodaboda ulianzia kwenye dakika hizo kumi, na aliyeusema ni mhudumu. Ndiye anayeusimamia mpaka leo, na kila oda inayotoka ana chake kidogo.

Wazo likikataliwa, eleza kwa nini. Mtu akishauri mara tatu akajibiwa "tutaona", ya nne hasemi.

Kumrekebisha mtu ni stoo, mlango umerudishwa. Kumsifu ni jikoni, wote wakisikia. Wengi wetu tunafanya kinyume, tunafoka kaunta na kusifia pembeni kwa kunong'ona, kama vile sifa ni deni.

Halafu ngazi. Anayeosha vyombo aone kwamba kuna siku atakanda unga, na anayekanda unga aone jiko. Kwangu kila mtu ana siku moja kwa wiki ya kujifunza kazi ya mwenzake kwa saa mbili, baada ya mchana kupoa. Inaniokoa mtu akiugua. Na kwa aliyejifunzia mtaani, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: anapimwa alichokijua kwa kukifanya, penye upungufu anaongezewa, anapata cheti. Wapishi na wahudumu wamo. Wenzangu wananiambia nikimpa mtu cheti ataondoka. Wengine huondoka kweli. Lakini miezi ile anayojiandaa anapika kama anayeangaliwa, na mdogo wake aliye nyuma anaona mlango uko wazi.

Mvua na Bunge

Misimu hii inajulikana, kwa hiyo ipangiwe. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo zenye malipo. Mwenye shamba Bahi, Kongwa au Chamwino mpe likizo yake kati ya katikati ya Novemba na mwisho wa Januari, wawili wawili kwa zamu. Orodha tunaipanga Septemba, kwa kura penye mgongano. Kipindi cha Krismasi ofisi nyingi zinapoa, kwa hiyo hupotezi sana. Wasio na shamba huchukua likizo Ramadhani, wakati mauzo ya mchana yanapungua. Anayejua tarehe yake ya kwenda kupanda hatoroki. Atarudi, mara nyingine na debe la karanga.

Bunge la bajeti linataka hela, hakuna njia ya kuzunguka. Linaanza Aprili na linakwenda mpaka mwisho wa Juni. Machi nakaa na kila mmoja peke yake, namwambia wazi: najua utapigiwa simu. Atakayefika 30 Juni anapata kifuta jasho, nusu ya mshahara, kimeandikwa na kimesainiwa. Namudu kwa sababu miezi hiyo na mimi nauza zaidi. Akiniambia kuna mahali wamemwahidi mara mbili, simgombezi. Namuuliza: wamekupa mkataba? Julai utakuwa wapi? Usafiri wa usiku nani analipa? Mara nyingi anajibu mwenyewe. Kama majibu yote ni mazuri, basi aende, ningekuwa mimi ningeenda.

Mikono ya kuongeza natafuta kwa wanafunzi wa vyuo wanaotaka saa chache za jioni. Wanafundishika haraka, ila usiwaache peke yao jikoni, na usiwalipe kwa saa zaidi ya wanaokaa mwaka mzima. Siri hiyo haidumu hata siku moja.

Karatasi, na siku ya kuondoka

Mkataba uwe wa Kiswahili, kurasa mbili, nakala moja abaki nayo. Kima cha chini kinawekwa kwa amri ya serikali kulingana na sekta, kitazame kabla hujaandika namba. NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida 10 yako na 10 yake. Ukimkata yake halafu usiipeleke, ujue siku hizi anaangalia michango kwa simu yake. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi nao ni wa kwako kulipa, hukati mtu. Vivyo hivyo kupima afya: bwana afya anadai vipimo vya wanaoshika chakula, basi lipia wewe, uwapeleke wote kwa pamoja.

Mfanyakazi mpya usimtupe kaunta siku ya kwanza. Mpe mtu mmoja wa kumfuata wiki nzima, na huyo mtu mlipe kidogo kwa kazi hiyo. Wanaoacha kazi wiki ya kwanza wengi wao hawakuelewa tu sufuria zinakaa wapi, na waliona aibu kuuliza.

Anayeondoka, na aondoke vizuri. Anayelipwa kwa mwezi anatoa au anapewa notisi ya siku 28. Ukimwachisha wewe baada ya mwaka au zaidi, bila kosa la nidhamu, kuna kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10. Kama ulimtoa Kondoa kuja kukufanyia kazi, nauli ya kumrudisha ni yako. Mpe cheti cha utumishi, mlipe siku zake na likizo ambayo hajaenda, siku ile ile, usimwambie apite wiki ijayo. Wawili kati ya wapishi wangu wa sasa waliwahi kuondoka wakarudi, na mmoja wao alirudi na mhudumu mzuri aliyemkuta huko. Funguo za stoo na daftari la unga avikabidhi mbele ya mtu wa tatu, muandikishane, kisha mtoe kwenye kundi la simu la zamu usiku huo huo, asiendelee kuamshwa na habari za nyanya.